Bomba kuu la majitaka liko kilomita tatu kutoka kwetu: fedha za kutuunganisha zitatoka wapi?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya maji na afya katika senta ndogo iliyo kwenye halmashauri inayopakana na Jiji la Arusha. Tuna nyumba 260, nyingi za kupangisha, zenye kaya kama 420, pamoja na shule ya msingi, zahanati na gesti mbili. Maji tunayapata kwa jumuiya yetu ya watumia maji. Nyumba 110 hivi zina vyoo vya kuvuta na makaro, zilizobaki ni mashimo. Gari la kunyonya linatutoza shilingi 100,000 kwa safari, na masika ikifika watu wanatapisha vyoo mtaroni usiku. Bomba kuu linalopeleka majitaka kwenye mabwawa ya jiji linapita kilomita tatu kutoka hapa. Tumeandika barua sehemu nne kuomba tuunganishwe, na kote jibu ni kwamba hakuna fungu. Mpango wa fedha wa kazi kama hii unatengenezwaje? Halafu, mwenye gesti mmoja amejitolea kulipia bomba lote ilimradi lianzie kwake. Tukubali?

JIBU: Marahaba, ndugu Katibu. Nakala za barua zenu nimezisoma zote nne. Zinaomba kwa adabu, zina mihuri ya kijiji, na zote zinasema jambo moja: tunaomba kuunganishwa. Hakuna hata moja inayosema majitaka ni kiasi gani kwa siku, bomba litapita shamba la nani, litakuwa mali ya nani, na likishazinduliwa nani atamlipa fundi wa kuzibua. Ofisa anayepokea barua ya namna hiyo hana faili la kuiwekea. Mkiambiwa hakuna fungu, aghalabu maana yake ni kwamba hakuna mradi wa kutengewa fungu. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya kutafuta ni ile ndogo ya kuugeuza huo upungufu wenu uwe mradi, na hiyo ya mabomba itafuata.

Kabla ya yote, niwasimulie nilichokiona mwenyewe, maana ndicho kilichonifundisha kupanga fedha za majitaka kuanzia chooni. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kukagua mtandao wa majitaka katika mji mmoja mdogo, mwaka mmoja na ushei baada ya utepe kukatwa. Mkandarasi alikuwa amefanya kazi safi. Nikafungua chemba ya kwanza, mfuniko mzito, tukaunyanyua watu wawili kwa nondo. Ndani pakavu kama ghala la mahindi, na mjusi kafiri ametulia ukutani akitutazama. Chemba ya pili hivyo hivyo. Mji mzima nyumba zilizokuwa zimejiunga hazikufika hata moja kati ya kumi. Fedha za bomba kuu zilikuwepo, fedha za mabomba ya mitaani zilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa ameandika popote kwamba kutoka chooni kwa mama wa watu mpaka kwenye chemba kuna mita 12, zege la kuvunja, bomba, kiwiko, choo cha kubadilisha, na fundi wa siku mbili. Kila ofisi ilidhani huo ni mzigo wa mwenye nyumba, naye mwenye nyumba alidhani mradi umekuja na kila kitu.

Basi tuanze na swali ambalo kila mwenye fedha atawauliza dakika ya kwanza: bomba hili litakuwa la nani?

Ninyi mko nje ya mpaka wa jiji. Maji mnapewa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho wengi bado tunakiita jumuiya ya watumia maji, chini ya usimamizi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Bomba kuu na mabwawa ni mali ya mamlaka ya maji ya jiji, ambayo bei zake zinasimamiwa na EWURA. Hizo ni himaya mbili. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, ambayo ndiyo iliyounda RUWASA, inazitambua zote mbili, lakini jumuiya yenu haikuundwa ili imiliki bomba la majitaka la kilomita tatu linalomwaga kwenye mfumo wa mwingine. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni eneo lenu kuingizwa rasmi katika eneo la huduma la mamlaka ya jiji. Hilo si geni hapa nchini: mamlaka ya Tanga, kwa mfano, inahudumia hadi Muheza na Pangani. Ya pili ni mkataba wa kupokelewa majitaka, ninyi mkibaki na jumuiya yenu kwa majisafi na mamlaka ikiwatoza kwa yale mnayoyaleta bombani.

Mimi ningewashauri ya kwanza, na najua haitawafurahisha wazee walioianzisha jumuiya kwa jasho lao. Sababu yangu ni bili. Mamlaka nyingi zinakokotoa malipo ya majitaka kutokana na uniti za majisafi ulizotumia. Mita za maji zikiwa za jumuiya na bomba la majitaka likawa la mamlaka, mnahitaji vitabu viwili vifanane kila mwezi. Nimeona vikifanana miezi mitatu ya mwanzo tu. Halafu kuna wenye visima vyao, ambao hawana mita ya mtu yeyote. Mkichagua mkataba, andikeni kabisa hao watatozwaje.

Sasa hesabu ya kiasi, ambayo mnaweza kuifanya kwenye daftari la kamati. Kaya 420 mara watu watano ni watu 2,100. Mtu mwenye bomba uani kwa maisha ya huku kwetu mkadirie lita 60 kwa siku. Jumla lita 126,000. Wahandisi huchukua kwamba asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia nyumbani ndiyo yanayotoka kama majitaka, yaani kama lita 100,000, au mita za ujazo 100. Ongezeni shule, zahanati na gesti, tuseme 120. Kwa mabwawa ya jiji hilo ni tone. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha wa shilingi bilioni 520, uliobebwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulijenga mabwawa mapya kule Terrat na ulilenga kuwafikisha waliounganishwa na majitaka kutoka asilimia 7.6 hadi 30. Mabwawa yakishajengwa kwa mkopo, mamlaka inahitaji wateja wa kuyalipia. Hapo mna kitu cha kuwashika nacho mkono: mnawapelekea wateja 260 wapya, na msiongee kama watu waliokwenda kuomba msaada.

Ila angalieni hiyo namba ya lita 60. Jumuiya yenu ikiwa inatoa maji kwa zamu, siku mbili ndiyo siku mbili hapana, watu wakawa wanaogea ndoo moja, mabomba ya kawaida ya majitaka hayatajisafisha. Kinyesi kinatulia njiani, kinakauka, bomba linaziba. Mpango wa fedha za majitaka ambao hauna ukurasa wa majisafi ni mpango wa kununua vijiti vya kuzibulia.

Hapa ndipo aina ya mtandao inapoamua ukubwa wa fedha. Mkisema "majitaka" tu, mhandisi atawachorea mtandao wa kawaida: bomba la milimita 150 au 200 katikati ya barabara, mfereji wa mita moja na nusu au mbili, chemba za zege ambazo mtu anaingia na ngazi. Kwenye vichochoro vya senta, ambako bajaji yenyewe inapita kwa kuomba, hilo linamaanisha kuvunja kuta. Kuna njia nyingine, mtandao mwepesi, uliokuzwa Brazil kuanzia miaka ya 1980 na mhandisi José Carlos de Melo na wenzake. Bomba linapita uani, nyuma ya nyumba au kando ya kibaraza, mahali gari halikanyagi. Kwa kuwa halibebi uzito wa lori halihitaji kuzikwa kwenda chini sana; nusu mita inaweza kutosha. Bomba la milimita 100, lililolazwa kwa mteremko wa sentimita moja kila mita mbili, linaweza kubeba majitaka ya nyumba nyingi kuliko mtu anavyodhani, maadamu mteremko ni wa kweli. Na mteremko huo mnaweza kuukagua wenyewe kwa ule mpira mwembamba wa plastiki wa mafundi ujenzi, unaojazwa maji yakaonekana huku na huku. Mkandarasi akimaliza kipande cha uani, vutieni mpira pale kabla hajafukia. Hiyo ndiyo bima ya bei rahisi kuliko zote.

Mfano msiende kuutafuta mbali. Mwanza wameulaza mtandao wa aina hiyo kwenye makazi ya milimani, juu kule kwenye mawe, ndani ya mradi wa maji wa Ziwa Victoria uliogharamiwa na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Dar es Salaam, Vingunguti, watu waliishi miaka mingi ukutani mwa mabwawa ya majitaka huku wao wenyewe wakichimba mashimo, hadi shirika la CCI na shirikisho la wakazi wa kipato cha chini walipoanza kuunganisha nyumba moja moja kwa mabomba membamba. Tembeleeni sehemu moja kati ya hizo. Nauli ya wajumbe wanne ni sehemu ya mpango wa fedha, na msimpeleke mwenyekiti peke yake. Mpelekeni na mama mmoja mwenye nyumba ya wapangaji, yeye ndiye atakayeuliza maswali ya maana.

Sasa mifuko. Kazi yote igaweni vipande vitatu, na kila kipande mkitafutie fedha yake. Wazo hili lilifanyiwa kazi vizuri Karachi, Pakistan, kwenye makazi ya Orangi, kuanzia 1980 chini ya Akhtar Hameed Khan. Wakazi wa kichochoro, nyumba 20 hadi 30, walichanga na kujenga wenyewe choo, bomba la kwenda nje na bomba la kichochoro. Serikali ilibaki na bomba kubwa la nje na usafishaji. Orangi haikuwa pepo, na sisemi watu wa kipato cha chini wabebe kila kitu. Ninachokipenda pale ni mpaka kati ya cha ndani na cha nje: kila upande ulijua unalipia nini.

Kipande chenu cha nje ni zile kilomita tatu. Hiki si cha kuchangishana, wala msijaribu. Mwombaji wake ni mamlaka ya maji. Inaweza kukiingiza kwenye mpango wake wa biashara unaokwenda EWURA wakati wa kupitia bei. Inaweza kukiombea fedha Mfuko wa Taifa wa Maji, ule unaopata shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli tunayonunua. Au inaweza kukisukuma kama kazi ya nyongeza katika mradi mkubwa unaoendelea, pale fedha za mkopo zinapobaki baada ya zabuni kupatikana kwa bei nafuu. Hii ya mwisho wananchi wengi hawaijui, nayo ndiyo imenifungulia milango mara nyingi zaidi. Masalio yanapatikana ghafla, muda wa kuyatumia ni mfupi, na anayepewa ni yule ambaye michoro yake iko tayari kabatini. Asiye na michoro anaambiwa asubiri awamu ijayo.

EWURA ikija kusikiliza maoni ya bei, kwenye ule mkutano wa taftishi, nendeni. Wengi huenda kulalamikia bei kupanda. Ninyi nendeni mkaseme mnataka kilomita tatu ziwemo kwenye mpango, na mko tayari kulipia huduma. Nakuhakikishia meza kuu itainua macho.

Mtaniuliza kuhusu hatifungani, yaani hati za kukopa fedha kwa wawekezaji, maana mwaka 2024 habari zilijaa za mamlaka ya maji ya Tanga kuuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ya miaka kumi, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni jambo kubwa na ninalifurahia. Lakini fedha ile ni ya kupanua majisafi, na mwekezaji alikuwa anatazama viwanda na kaya zinazonunua maji kila siku. Majitaka peke yake hayajapata mvuto huo. Mamlaka yenu ikifika siku ya kuuza hatifungani, kilomita zenu tatu zinaweza kupanda basi hilo. Kulisubiri kituoni ndiyo msilisubiri.

Kipande cha katikati ni mabomba ya vichochoroni na nyuani. Hapa halmashauri yenu inaingia, kwa mapato ya ndani, pamoja na Mfuko wa Jimbo, wafadhili wa taasisi za dini, na nguvu za wananchi kwa maana ya mifereji. Uchimbaji wa nusu mita watu wanauweza. Wa mita mbili msiwaguse nao, udongo unaanguka na kuua. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, haijengi mtandao, ni ya biashara za vikundi. Lakini kikundi cha vijana wenu kinaweza kukopa kinunue kalibu za kufyatulia chemba ndogo na mifuniko, kikawauzia mradi. Nyumba 260 zinataka chemba zisizopungua 260. Hiyo ni kazi ya miezi mingi kwa watu sita.

Kipande cha tatu ni kile cha mjusi. Chukueni namba hizi kama mfano wa hesabu tu, bei halisi mtaipata dukani Arusha: kuunganisha nyumba moja, kuanzia chooni hadi chemba, iwe shilingi 450,000. Nyumba 260 ni shilingi 117,000,000. Hakuna mwenye nyumba wa senta atakayeitoa 450,000 siku moja, Januari hii na ada za shule. Ukiigawa kwa miezi 36 inakuwa 12,500 kwa mwezi. Sasa rudi kwenye gari la kunyonya. Nyumba 110 zenye makaro, zikiita gari mara mbili kwa mwaka, zinatoa shilingi milioni 22 kila mwaka. Fedha hiyo ipo tayari senta, inaondoka na malori. Kwa nyumba moja ni 200,000 kwa mwaka, yaani kama 16,700 kwa mwezi. Mwenye karo anaweza kulipa mkopo wake na bado akabakiwa na karibu 4,000 za kusogezea bili ya majitaka.

Mwenye shimo hesabu yake ni nyingine kabisa. Yeye anachimba shimo jipya baada ya miaka kadhaa au anatapisha masika, na kwa mwezi hatoi chochote. Kwake 12,500 ni mzigo mpya mtupu. Mkiweka sharti moja kwa wote, mtaunganisha wenye makaro 110, na waliokuwa wanatapisha wataendelea kutapisha. Kipindupindu hakiulizi bomba limefika nyumba ipi. Kwa hiyo ruzuku yoyote mtakayoipata ielekezeni kwa nyumba 150 za mashimo kwanza, hata wenye gesti wakinuna.

Namna ya kukopesha nayo imeshajaribiwa jirani. Kayole-Soweto, Nairobi, kampuni ya maji ya jiji ilikopa benki ya biashara ili kuwafikishia wakazi maji na majitaka, wenye nyumba wakawa wanarudisha kidogo kidogo kwenye bili ya mwezi, na ruzuku ya wafadhili kupitia Benki ya Dunia ikatolewa baada ya miunganisho kukaguliwa kuwa inafanya kazi. Tazameni mpangilio huo: ruzuku ilifuata choo kinachotoa maji, haikufuata bomba lililozikwa. Ombeni mamlaka iwaruhusu malipo ya kuunganishwa yaingie kwenye bili. Ikikataa, SACCOS au VICOBA vya senta vinaweza kubeba, ila riba itakuwa yenu na kuwafuatilia wadaiwa kutakuwa kwenu.

Na kwa kuwa nyumba nyingi ni za kupangisha, mwenye kusaini ni mwenye nyumba, ambaye pengine anaishi Dar au Moshi. Msimwachie mpangaji deni la choo cha mtu. Pateni ridhaa za maandishi mapema, za kuunganishwa na za kupitisha bomba uani, zisainiwe mbele ya mtendaji wa kijiji na kuambatishwa kwenye andiko la mradi. Ridhaa 200 kati ya 260 zina uzito kuliko barua kumi za diwani. Mashamba ya hizo kilomita tatu nayo yana wenyewe. Mkulima mmoja wa mahindi na maharage akikataa katikati ya njia, mnazunguka, na kila mita ya kuzunguka ina bei. Barabara mkizikata, kibali ni cha TARURA au TANROADS kulingana na barabara, na gharama ya kurudishia barabara inahesabiwa kwenye mradi. Watu huisahau hiyo, na mara nyingine ni kubwa kuliko bomba lililopita chini yake.

Sasa jambo moja linaloweza kupindua kila kitu nilichosema: urefu wa ardhi. Bomba kuu likiwa chini yenu, majitaka yatajiendea. Likiwa juu yenu, mtahitaji pampu. Watu huogopa umeme, lakini umeme wenyewe ni mdogo: kunyanyua mita 120 za ujazo kwa kimo cha mita 15 ni uniti 10 hadi 12 kwa siku. Kinachoua ni nguo, nepi na matambara yanayoshika pampu, pampu ya akiba ambayo haikununuliwa, na umeme ukikatika usiku shimo linafurika mlangoni kwa mtu. Ikiwa lazima iwe pampu, basi ndani ya bei iwemo pampu ya pili, jenereta, na mshahara wa mtu. Bila hivyo ni afadhali mbaki na makaro yenu, mwombe gari la kunyonya la bei nafuu linalosimamiwa na mamlaka, na mabomba yaje baadaye. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna kamati nyingi zinazoona kubaki na magari ni kushindwa. Si kushindwa, mradi gari linamwaga bwawani na siyo korongoni.

Mkiwaza kinyume, kujenga mabwawa yenu wenyewe, kumbukeni kwamba mtahitaji ardhi, tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, kibali cha kumwaga maji kutoka bodi ya maji ya bonde, na mtaalamu wa kupima ubora wa maji miaka yote. Mkijiunga na mfumo mkubwa, bwawa na kibali chake ni vya mamlaka, na tathmini inabaki ya bomba. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kifedha ya kujiunga, na iandikeni kwenye andiko.

Kupima ardhi ndiyo ile fedha ndogo ya kwanza niliyoitaja. Nendeni Chuo cha Ufundi Arusha mkaulize kama wanafunzi wa uhandisi, na mwalimu wao, wanaweza kupima njia ya kilomita tatu na senta yote kama kazi ya mafunzo. Mtalipia chakula, usafiri na posho kidogo. Matokeo yapelekeni kwa mhandisi wa mamlaka ayakague na kuyasaini, maana michoro isiyo na saini yake ni picha. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti zinaanza kupikwa miezi mingi kabla. Andiko likifika mezani Novemba, lina nafasi. Likifika Aprili, wanaopeleka Dodoma wameshafunga vitabu. Kurasa nne zinatosha: kiasi cha majitaka, ramani yenye kimo cha ardhi, idadi ya ridhaa, vipande vitatu na nani analipia kipi, na kifungu kimoja cha gharama za kila mwaka.

Kuhusu mwenye gesti: msimkatae, na msimkubali kwa sharti lake. Bomba "linaloanzia kwake" litalazwa kwa kina na upana unaomfaa yeye, na akishalilipia ataliita lake. Siku mkigombana ataziba. Mpeni sharti lenu. Fedha yake iingie akaunti ya mamlaka kama mchango au malipo ya mbele ya bili zake, kwa mkataba. Upana na mteremko viwe vya nyumba 260 kama michoro inavyosema, bomba likabidhiwe mamlaka siku linapokamilika, na gesti iwe na kinasa mafuta cha jikoni kabla ya chemba, kwa sababu mafuta ya chipsi yakipoa bombani yanaganda kama sabuni. Kabla hajasaini, mwombeni awaoneshe maji ya mvua ya paa lake yanakwenda wapi. Kama mabomba ya paa yameungwa kwenye karo, ayatenge kwanza.